Malakite iliua konokono wetu

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, ile majira ya joto kali mbele mvua ianze vizuri, nilitoka posti ya usiku nikafika ku nyumba nikakuta watoto wamesimama mbele ya akwariumu bila kusema kitu. Kwetu watoto wakinyamaza, kuna mambo. Mdogo wa mwisho njo alifungua kinywa: « Papa, bakonokono balilala. »

Hawakulala. Walikuwa juu ya mchanga, wengine wamejifunga ndani ya gamba, wengine nyama imelegea inje, na harufu ilikuwa imeanza. Mtu yeyote aliyesahau samaki mbichi ndani ya mfuko siku mbili anajua harufu hiyo. Samaki watatu waliokuwa ndani ya maji yale yale waliendelea kuogelea kama kawaida. Nilihesabu magamba: 41 siku ile, na wengine walifuata mbele ya juma kwisha.

Mimi ni delege wa sendika. Kazi yangu ni kuuliza: nani alifanya kosa, saa ngapi, karatasi iko wapi? Siku ile sikutafuta mbali. Siku nane mbele, mimi mwenyewe niliweka jiwe la malakite ndani ya maji.

Jiwe lile lilikuwa la marehemu baba. Alilitoa Kambove zamani, akalipeleka kwa fundi wa kusugua mawe, likatoka kijani na mistari myeusi kama ubao wa mti mzuri. Miaka yote lilikaa juu ya kabati pamoja na picha yake ya kazi. Nilijisemea: ndani ya maji uzuri wake utaonekana kuliko chini ya vumbi. Na kweli lilikuwa zuri. Hata mama watoto, ambaye tangu mwanzo hakupenda mambo ya akwariumu, alikubali kwamba sasa sebule inafanana na ya wakubwa. Kumbe nilikuwa nimeweka sumu.

Sisi wa Katanga tunajua malakite ni nini: ni shaba iliyoshikana na karbonati. Ikiwa kavu juu ya kabati, haimsumbui mtu. Lakini ndani ya akwariumu samaki wanapumua, majani yanapumua, na pumzi yao inaleta uchachu kidogo ndani ya maji, zaidi usiku. Uchachu ule unakula jiwe polepole. Wale wanaotumika ku usine wameelewa tayari: ni kazi ile ile ya asidi juu ya mawe ya shaba, tofauti ni kwamba hapa hakuna haraka. Unaona maji ni meupe, yanang'aa, huwezi kujua kitu.

Na sasa sikieni hili, juu ya sisi tunaokula mkate wa shaba. Damu ya konokono wengi haibebi hewa kwa chuma kama damu yetu. Inaibeba kwa shaba, ndiyo sababu inaelekea rangi ya bluu. Konokono hawezi kuishi bila shaba mwilini, na shaba ikizidi kidogo tu ndani ya maji, anakufa. Inamharibia ngozi na mashavu ya kupumulia, chumvi za mwili zinatoka, anashindwa kushika kioo, anaanguka. Samaki wengi wanavumilia zaidi. Kwa hiyo mu akwariumu yangu konokono walikufa na samaki wakabaki.

Waganga walijua jambo hili zamani. Karne iliyopita, Misri na Sudan, walikuwa wakitia sulufati ya shaba, ule unga wa bluu, ndani ya mifereji ya kumwagilia mashamba ili waue konokono wanaoleta ugonjwa wa kichocho, ule wanaita kwa Kifaransa bilharziose. Tangu miaka ya 1960 dawa ingine, niklozamidi, ilichukua nafasi kubwa. Basi mtu akinunua dawa ya samaki wagonjwa, asome karatasi iliyobandikwa ku chupa. Akiona neno « cuivre », samaki watapona labda, lakini konokono wote watakwisha.

Wanaofanya posti ya usiku

Watu wananiuliza: delege mzima, unafuga konokono, unawakula? Mama mmoja wa jirani aliuliza polepole kama ni dawa ya kinganga ya kushinda kura za sendika. Nilicheka, lakini nilimkaribisha aje aone mwenyewe, juu ya maneno kama hayo ukiyaacha yanaota mizizi.

Mwanzo ulikuwa hivi. Injinia mmoja alikuwa anarudi kwao Ulaya, akauza vitu vyake. Sahani, viti na feni zilikwenda siku ya kwanza. Akwariumu, hakuna aliyeitaka. Kioo kimoja kilikuwa kinavuja. Aliniachia karibu bure, pamoja na majani mawili matatu ya majini ndani ya ndoo. Nilitengeneza kona iliyovuja kwa silikoni. Hapa muwe na akili: ile silikoni ya bafu imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni mbaya kwa wanyama wa maji. Chukueni ile ya kioo, isiyo na dawa, muiache ikauke juma zima.

Kisanduku changu ni sentimeta 80 kwa 35 kwa 40. Ukipiga hesabu ni lita 112, lakini ukiondoa mchanga na nafasi ya juu, maji ni karibu lita 90. Hiyo ni uzito wa mtu mzima mwenye tumbo. Usiiweke juu ya meza ya kupinda miguu.

Sikununua konokono hata mmoja. Walikuja wamejificha mu mizizi ya majani. Miezi miwili nilifikiri nina samaki peke yake, mpaka usiku mmoja courant ilikatika, nikawasha taa ya kichwa, ile ya kazi, nikamulika kioo. Mchanga wote ulikuwa unatembea! Konokono wadogo wembamba, wenye ncha, wamezungushwa kama kichwa cha mashini ya kutoboa mwamba, walikuwa wanatoka chini mmoja mmoja.

Jina lao la kisayansi ni Melanoides tuberculata. Wanaishi Afrika na Asia tangu zamani, na wanaofuga samaki Ulaya na Marekani wanawajua sana. Wakubwa wanafika sentimeta 2 au 3. Mchana wanakaa chini ya mchanga, usiku wanatoka kula mabaki ya chakula, majani yaliyooza na uchafu wa kijani wa ku kioo. Wanachimba, wanafanya kazi usiku, na hakuna anayewaona. Niliwapenda siku ile ile.

Kuchimba kwao kuna faida. Mchanga uliolala bila kuguswa unashika chini, uchafu unaoza bila hewa, unatoa harufu ya mayai mabovu. Wao wanaugeuza kila usiku. Tena hawatagi mayai: mama anabeba watoto ndani ya mwili na kuwatoa wakiwa konokono kamili, wadogo kama punje ya mchanga mkubwa. Na mama hahitaji dume. Jike mmoja peke yake anaweza kujaza akwariumu. Hapo watu wanaogopa, wanasema watafurika. Watafurika kama unatupa chakula kingi. Konokono wanahesabu chakula, hawahesabu miezi. Ukiona wamezidi, punguza mkono. Jioni weka jani moja lililochemshwa chini ya maji, asubuhi litoe na wote walioshikilia.

Mchanga, maji, mayai

Mchanga wa mtoni wa kujengea unafaa, lakini uoshe ndani ya ndoo mara kumi, kumi na tano, mpaka maji yatoke meupe. Sentimeta 4 au 5 zinatosha. Mchanga wa ku rejets ya usine, hata ukionekana msafi namna gani, hapana. Ule mwekundu au wa kijivu unaolala karibu na mabwawa ya taka, hapana. Ndoo iliyofanya kazi ku mine, hapana. Na mikono: mimi nikitoka kazini siingizi mkono ndani ya maji yale mbele ya kuosha mpaka kiwiko. Vumbi letu lina vitu vyote vile vinavyoandikwa ku bulletin ya uzalishaji.

Maji ya robine yanatiwa kloro ili watu wasiugue. Yaweke ndani ya beseni iliyo wazi siku moja, kloro inatoka yenyewe. Shaba haitoki hivyo. Ukiyaacha, shaba inabaki. Ukiyachemsha, maji yanapungua na shaba inabaki pale pale, sasa ndani ya maji machache zaidi. Wamama wengi wanafikiri kuchemsha kunaondoa kila kitu. Kunaua vijidudu, ni kweli, na muendelee kuchemsha. Chuma na shaba havifi.

Badilisha sehemu moja ya nne ya maji kila juma, siyo yote mara moja. Courant ikikatika siku mbili usihangaike sana. Kama samaki ni wachache na majani ni mengi, konokono hawa wanangojea.

Gamba lao ni kalisiomu, sawa na ganda la yai. Maji yakiwa laini na yenye uchachu, gamba linaliwa. Unaona ncha inakuwa nyeupe, inatoboka, kama jino bovu. Huku kwetu mara nyingi maji yanapita ndani ya mawe ya dolomia, yanabeba kalisiomu, na hiyo ni bahati. Lakini maji ya mvua, ambayo watu wengi wanatumia masika, hayana kitu. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe, yaponde, tia kijiko kidogo. Au kipande cha jiwe la chokaa lenyewe. Chokaa ya jengo, ile unga mweupe unaochoma mikono, usiitie kamwe! Jirani yangu mmoja alisikia neno « chokaa » akafikiri ni moja, akatia kikombe. Akwariumu yake ilikwisha mbele ya chakula cha mchana, samaki pamoja na konokono.

Chakula ni lengalenga iliyochemshwa kidogo bila chumvi wala mafuta, kipande cha courgette, tango. Sombe siwapi. Mboga ioshwe vizuri, na ukiona haikuliwa mpaka kesho yake, itoe.

Konokono wa mutoni

Nimechelewa kufika hapa, labda kwa haya. Lakini bila hii nisingeandika.

Konokono walipokufa, mtoto wangu wa tatu, wa miaka 11, alihuzunika kuliko wote. Mimi nililala, usiku nilikuwa na posti tena. Jioni nilipoamka, alinionyesha bokali. « Papa, nilipata bengine. » Yeye na wenzake wawili walikwenda mutoni nyuma ya kampi, wakaingia maji mpaka magoti, wakakusanya konokono juu ya majani yanayoelea. Walikuwa wadogo, bapa, wamejizungusha kama kamba ya kutandika chini, rangi ya kahawia. Nilimsifu. Ninaandika hivyo juu ya ni kweli: nilimwambia umefanya vizuri, kijana wangu, na mimi mwenyewe nikawamwaga ndani ya akwariumu mpya iliyooshwa.

Miezi miwili na kitu ilipita. Mtoto alianza kuumwa tumbo, akawa anachoka, akacha mpira. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa ya amiba. Alipona siku tatu, ikarudi. Kisha mama yake akaona damu chooni. Tukaenda mahali pengine, mganga akauliza swali moja tu: « Uyu mutoto anaogeleaka wapi? » Walipima kinyesi ku mikroskopu, wakakuta mayai yenye mwiba pembeni. Mganga aliniita nitazame. Niliona. Ilikuwa kichocho cha tumbo.

Alinieleza polepole, kama vile mimi ninawaeleza wengine sheria ya kazi. Mtu mwenye ugonjwa huu akijisaidia karibu na mto, mayai yanaingia majini, yanatoa kadudu kadogo kanakotafuta konokono. Hakatafuti konokono yeyote. Kwa kichocho cha tumbo kanataka aina ya Biomphalaria, wale bapa. Kwa kichocho cha mkojo kanataka Bulinus, wale ambao ukishika gamba ncha juu na mdomo ukikutazama, mdomo uko upande wa kushoto. Ndani ya konokono vijidudu vinazaana juma nne, tano au sita, kisha vinatoka mamia na maelfu kwa siku, zaidi wakati wa jua. Vinatoboa ngozi ya mtu mu dakika chache. Huhitaji kunywa maji. Kuingiza mguu kunatosha. Kuingiza mkono pia, na watoto wangu wote walikuwa wakiingiza mikono ndani ya akwariumu.

Dawa iko: prazikwanteli, vidonge vinahesabiwa kufuatana na uzito, vinamezwa siku moja. Wale wawili walioingia naye mutoni walipimwa pia, na mmoja alikuwa nacho. Nilikwenda kwa baba yake mwenyewe, nikamwambia ni mambo ya nyumba yangu. Yeye ni mtu wa mashini nzito, mkubwa kuliko mimi kwa miaka. Alinyamaza muda, kisha akasema: « Delege, batoto banaingiaka mu ule mutoni tangu sisi batoto. » Ni kweli. Konokono wa akwariumu hawakuleta kichocho mu kampi. Waliniamsha tu.

Kwa hiyo mjue tofauti. Ugonjwa hautoki kwa mama konokono kwenda kwa mayai yake au watoto wake. Konokono aliyezaliwa ndani ya nyumba, mu maji ya robine, hana kichocho, hata kama ni wa aina ya bapa. Ili apate, lazima mayai ya mtu mgonjwa yafike majini. Wale wembamba wa Melanoides hawabebi kichocho hata wakitoka mtoni, ingawa wanaweza kubeba wadudu wengine, kwa hiyo bora uombe waliozaliwa kwa mtu. Konokono wa mtoni, wa kinamishi, wa mfereji wa bustani, usiwalete nyumbani, na mtoto asiwafuate. Wafuga samaki Ulaya wana konokono bapa wekundu wanaofanana sana na Biomphalaria. Mtu asiyesoma hawezi kuwatofautisha, na mimi sijaribu.

Na kama umekwisha kuwaleta? Vaa mifuko ya plastiki mikononi, watoe kwa chujio, wamwagie maji yanayochemka. Usiwarudishe mtoni na usiwaache wakauke tu, juu ya wengine wanajifunga na kuvumilia ukame miezi. Maji yaache siku tatu bila konokono, vijidudu vinakufa vyenyewe bila kupata mtu. Kisha yamwage juu ya udongo mkavu mbali na mfereji. Hivyo njo tulifanya.

Maneno ya robine

Wakati ule wa vifo, habari ilizunguka kampi: « Bakonokono ba delege balikufa juu ya mayi ya robine. » Mbele ya juma kwisha, vijana walikuja kwangu na bidon, wanataka tupeleke magamba kwa direction. Walikuwa na hasira, na hasira yao ina sababu zake, juu ya maji yetu watu wanayalalamikia miaka. Ningeweza kunyamaza. Jiwe nilikuwa nimekwisha kulitoa, hakuna aliyeliona isipokuwa watu wa nyumba.

Niliwaambia ukweli mu mkutano, mbele ya wote. Wengine walicheka, mmoja akasema delege amenunuliwa. Lakini nilitaka waelewe hesabu. Shirika la Afya la Ulimwengu linaweka kipimo cha shaba mu maji ya kunywa: miligramu 2 kwa lita. Konokono wengi wanakufa mbali sana chini ya hapo. Maana yake konokono anaweza kufa ndani ya maji ambayo sheria inaruhusu mtoto anywe. Na kinyume: konokono akiwa mzima, hasemi kitu juu ya vijidudu vya kipindupindu au kuhara. Yeye siyo laboratwari. Mkurugenzi mmoja mwenye akili angetushinda mu dakika mbili kwa gamba lile, na siku ya kuleta jambo la kweli asingetusikiliza tena.

Tulichoomba ni karatasi: maji ya robine tatu za kampi, yapimwe na laboratwari, matokeo yaandikwe kwa miligramu kwa lita, shaba, kobalti, risasi, na vijidudu, na nakala moja ibaki kwa sendika. Tuliandika tarehe na tukapata sahihi ya kupokea. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba wanasoma barua. Mkutano unaofuata tutauliza tena.

Konokono hata hivyo anafaa kama mlinzi wa mlango. Akipanda ghafla juu ya maji, wote pamoja, na mchana, au akianguka mgongo chini na kujifunga, kuna kitu kimebadilika: kloro, joto, chakula kilichooza, shaba. Mimi ninabadilisha maji, ninatazama nini kiliingizwa ndani. Mara tisa kwa kumi ni sisi wenyewe.

Kutoka Kalemie

Kwa kazi ya sendika nilifika Kalemie mara moja, nikawa na saa mbili ku mwambao. Mwenzetu wa pale aliniokotea gamba kubwa, nene, la duara, la rangi ya udongo. Ni la Neothauma, konokono mkubwa kuliko wote wa ziwa Tanganyika, na hapatikani akiishi ziwa lingine. Chini ya maji kuna mahali magamba yake matupu yamelala kama zulia, na samaki wadogo wa sentimeta 3 au 4 wamefanya nyumba ndani yake. Wanatagia humo, wanalelea humo. Samaki hao wanauzwa dunia nzima, na watu wa mbali wanawanunulia magamba ili wajisikie kwao.

Konokono wengi wa ziwa lile wana magamba mazito yenye miiba na mabonde, wanafanana na wa bahari. Wazungu wa karne ya 19 walipowaona walichanganyikiwa. Mmoja anaitwa Tiphobia horei, kwa jina la Edward Hore, mmisionari baharia wa Kiingereza. Msomi mwingine, Moore, alifika mpaka pale akiamini ziwa lilikuwa bahari zamani. Hapana. Magamba yamekuwa mazito juu ya kaa wa ziwani wenye makucha ya kuvunja: kaa akiongeza nguvu, konokono akaongeza ukuta, hivyo vizazi na vizazi. Mimi niliposoma hayo nilifikiria meza ya majadiliano ya mishahara, lakini tuache.

Mtu asichukue wale wazima wa ziwani kuwaleta Likasi au Kolwezi. Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake inakaribia 9, na mu akwariumu ya kawaida wanadhoofika. Hata gamba tupu, chukua moja la kumbukumbu, siyo gunia. Ni nyumba za watu wengine.

Tena mtu akikuuzia konokono mkubwa wa manjano, kama tunda, anayetaga mayai ya rangi ya waridi juu ya maji, jihadhari. Ni wa ukoo wa Pomacea, asili yake Amerika ya Kusini. Jamaa zake waliharibu mpunga Asia, na mwaka wa 2020 walionekana mu mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Umoja wa Ulaya ulikwisha kukataza kuwaingiza tangu 2012. Ni mzuri kutazama. Ukichoka naye ukamtupa mtoni, umewapa kazi wakulima.

Sisi tulianza upya bila kununua. Mwaka mmoja mbele ya malakite nilikuwa nimempa rafiki wa Lubumbashi konokono kumi ndani ya chupa ya mayonezi. Wake walizaana. Nilimpigia simu, akanirudishia ishirini kwa basi, ndani ya chupa ile ile, kitambaa kilicholowa juu. Mtoto njo aliwapokea. Sasa anaosha mikono mbele na nyuma bila kuambiwa, anaandika mu kaye tarehe ya kubadilisha maji. Nilimkuta siku moja saa tano ya usiku, taa yangu ya kazi ku kichwa, anahesabu.

« Papa, niko ku 63. »

Jiwe la baba lilirudi juu ya kabati.